Silinda ya Thelathini na Moja

Mchanga wa jangwa hauna kona.
Hilo nilifunzwa na hadubini, si na mtu:
punje baada ya punje, mviringo, laini,
zimesuguliwa na upepo miaka isiyo hesabu
hata hakuna inayomkwaruza mwenzake,
na kwa hiyo hakuna inayomshika.
Ukiufumbata unakuponyoka.
Ukiujengea unakuaga.

Kazi yangu hapa El Oued,
katika chumba chenye feni moja na mizani mbili,
ni kuufunza mchanga kukaa.
Chokaa kidogo, saruji kidogo zaidi,
silikati ya sodiamu, nzito kama asali ya asubuhi ya baridi,
na maji ninayoyaonja kabla ya kuyapima,
maana ya kisima chetu yana chumvi,
na chumvi ni mgeni anayemla mwenyeji.
Nakoroga. Nashindilia katika kalibu, matabaka matatu,
naandika tarehe kwa chaki, nafunika kwa gunia bichi.
Siku saba. Kisha ishirini na nane.
Kisha mashine inaikandamiza silinda
mpaka iseme yote iliyokuwa nayo moyoni.

Ya kwanza ilivunjika kama biskuti.
Ya tisa ilisimama imara, kavu, yenye majivuno;
nikaichovya majini jioni,
asubuhi nikakuta uji.
Ya ishirini na mbili, yenye resini kutoka ng'ambo,
ilishika kweli, lakini Mhandisi Bachir akasoma bei,
akacheka kwa pua.
"Ni barabara, Mebrouka, si pete ya harusi.
Niletee megapaskali mbili. Sitaki mashairi."

Basi nikaenda nyuma ya nyumba ya shangazi Hadda,
kwenye kilima kilichomeza jiko lake
mwaka ule wa upepo wa siku kumi na moja.
Alisimama mlangoni, mikono kiunoni.
"Mchanga wote huu wa Mungu,
wewe unautaka huu?
Humo mna masufuria yangu."
Nikamwambia ninahitaji ndoo mbili tu.
"Na mimi nilihitaji jiko moja tu," akasema,
akaingia ndani, akarudi na koleo.

Maabara, nikitikisa chekeche,
nikasikia mlio usio wa mchanga.
Kijiko. Cha chai, cha aluminiamu,
kimelala juu ya waya
kama mtu aliyeamshwa mapema.
Sikujua nikiandike wapi.
Daftari lina safu ya udongo, safu ya jasi, safu ya chumvi,
halina safu ya vijiko.
Nikakifuta kwa kanga ya mkono wangu wa koti,
nikakitia mfukoni,
nikaendelea kukoroga.

Silinda ya thelathini na moja
ilikaa majini usiku kucha, ikatoka na umbo lake.
Siku ya ishirini na nane mashine ilikoroma,
sindano ikapanda, ikapita moja, ikapita moja na nusu,
nami nikajikuta nimeshika meza
kana kwamba mimi ndiye ninayekandamizwa.
Mbili na nukta tatu. Kisha ufa,
mmoja, wa mshazari, kama mstari wa kiganja.
Bachir alipiga simu kwa watu wa tingatinga kabla sijaketi.

Mwezi ujao watashindilia mita mia nne za majaribio
kutoka kituo cha mafuta hadi kwenye mitende ya Laïd.
Upepo nao, sijui umepanga nini.
Mia nne si jangwa.

Ijumaa nilimpelekea shangazi kijiko chake.
Hakushukuru. Alikigeuza kwenye mwanga,
akakitumbukiza katika chai, akakoroga,
akakitoa, akakipitisha kidole pembezoni.
"Kimelika," akasema.
"Kilikuwa na maua hapa kwenye mpini. Matatu.
Tazama walivyokifanya: hakina hata kona."
Akanisogezea glasi.
Sukari ilikuwa bado inazunguka.